Jiwe Lisilo na Kitako

Chioh-boe, 12 Machi 1957

Kwa mwanangu Chui-seng,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua kila upepo wa baharini unapovuma, na hilo unalijua tangu ukiwa hapa. Wewe je, unakula vizuri? Ule mkono ulioumia umepona sawasawa?

Kaa chini kwanza kabla hujaendelea kusoma. Mwandiko huu uliopinda kama nyayo za kuku kwenye tope ni wangu, mimi mama yako. Hakuna aliyenishikia kalamu. Mwalimu Siok-tin, aliyekuwa akinisomea barua zako na kuniandikia majibu miaka yote hii, alihamishiwa mjini mwezi wa Desemba. Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku kumi na moja sijui ndani mna nini. Watu wa kunisomea walikuwepo, lakini mmoja hawezi kunyamaza na siri ya mtu, na mwingine anataka akaangiwe chaza kwanza. Nikaona basi, nitasoma mwenyewe.

Utauliza nimesomea wapi. Nimesomea kwenye bustani ya Bwana Sim. Imekaribia kwisha sasa. Kaburi lake liko katikati, linatazama bahari aliyoivuka peku akiwa kijana, na kuta zote zinazolizunguka zimechongwa picha. Ng'ombe, na chini yake neno ng'ombe. Jembe, na chini yake neno jembe. Daraja, kaa, mpunga, mama anayenyonyesha. Mafundi wanasema ndivyo alivyousia mwenyewe, kwamba mtu ambaye hajawahi kuingia darasani akipita hapo asiondoke bila neno moja. Aliuza kila alichokuwa nacho huko uliko ili shule yetu isifungwe, ile uliyosoma wewe, na bado akatufikiria sisi wenye mafagio.

Mimi ndiye ninayefagia. Nimepewa kazi hiyo tangu mwaka jana. Mzee Khun, yule fundi anayechonga maneno, ananicheka kwamba nafagia ukuta mmoja wiki nzima kana kwamba nimeolewa nao. Hajui kwamba nachora kwa ufagio mchangani, nafuta, nachora tena. Au anajua. Siku hizi nikikwama namwuliza. Maneno kama "nimekukumbuka" hayako ukutani, hayo nimeyadodosa kwake. Lakini faru wa ukutani naweza kumwandika bila msaada wa mtu, ingawa sina la kukuambia kuhusu faru.

Mwanangu, ni miaka tisa sasa. Uliondoka na miaka kumi na saba na sikio lenye jipu. Siku ya kufagia makaburi inakaribia, na kaburi la baba yako, ambaye jina lake mimi na wewe hatulitamki kwa heshima, nitalifagia peke yangu tena. Mwaka huu sikulaumu. Mwakani uje. Sitaki kitu kingine chochote kutoka huko.

Wako,
Mama


Kampar, 20 Aprili 1957

Kwa Mama mpendwa,

Napiga magoti mbele yako kutoka mbali. Natumaini hujambo na goti limetulia. Mimi ni mzima wa afya. Mkono umepona, ila vidole bado vizito, ndiyo maana mwandiko wangu si ule wa zamani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikutegemea kabisa kwamba utaandika mwenyewe. Wenzangu hapa nao wamefurahi, wamesema wao mama zao hawajui hata kushika kalamu. Usijichoshe sana na kujifunza, mama. Ukitaka, muombe mtu akusomee, hata yule wa chaza.

Kazi kwenye shimo la madini ya bati inaendelea kama kawaida. Mvua ni nyingi. Kuhusu kuja nyumbani, nalifikiria jambo hilo kila siku, lakini ruhusa ni ngumu na karatasi za kusafiria ni ngumu zaidi. Naomba unipe muda.

Kula vizuri. Usifagie kwenye jua kali.

Mwanao,
Chui-seng


Chioh-boe, 16 Juni 1957

Kwa mwanangu Chui-seng,

Hujambo? Huku tunashukuru. Viazi vitamu vimekubali na uji upo. Goti limeniachia, limehamia mgongoni.

Leo nina la kukucheka. Jana mvua ilininyima kazi, nikazitoa barua zako zote kwenye kopo la biskuti na kuzitandaza kitandani, kuanzia ile ya kwanza uliyoandika ukiwa melini. Nilitaka nizisome kwa macho yangu. Si kwamba Mwalimu Siok-tin alinidanganya, hapana, lakini alikuwa akisoma kwa sauti ya darasani. Nilitaka nikusikie wewe. Nimekusikia. Ile ya nyani aliyekuibia suruali nimeisoma mara tatu nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nisikilize. Jina la kijiji chetu linaanza na neno jiwe, na wewe umeliandika juu ya kila bahasha. Neno jiwe nalijua kuliko yote, kwa sababu kwenye bustani liko kila mahali. Kwa maandishi yetu ni paa lenye mteremko, na chini yake kisanduku. Basi wewe, msomi wangu uliyepigwa fimbo na walimu wawili, kisanduku chako ulikuwa unakiacha wazi chini! Barua baada ya barua, jiwe halina kitako. Nikasema, mtoto huyu, angekuwa fundi wa kujenga nyumba zake zingetuangukia.

Lakini mama yako ni mwadilifu, akishakuchamba anakusifu. Naona tangu mwaka jana umejirekebisha. Barua tano za mwisho jiwe ni zima, limekaa vizuri na kitako chake. Kwa hiyo mkono umeumia lakini akili imepona. Nimefurahi.

Na jingine. Binti wa Siu-him, wale wanaofungua chaza karibu na mnara, amefika umri na ameuliza habari zako. Hakuuliza yeye, ameuliza shangazi yake, unajua mambo haya yanavyokwenda. Sijajibu kitu. Niambie tu utakuja lini, nijue cha kusema.

Wako,
Mama


Kampar, 9 Agosti 1957

Kwa Mama mpendwa,

Napiga magoti mbele yako. Natumaini mgongo umepata nafuu. Hapa sote tu wazima.

Umenicheka nami nimekubali. Ni kweli, mama, zamani nilikuwa mzembe, naandika kwa haraka ili niwahi kulala. Siku hizi nimejirekebisha, neno jiwe nimejifunza kuliandika zima na sitalikosea tena. Nisamehe.

Kuhusu binti huyo, mwambie shangazi yake asisubiri. Mimi si mtu wa kusubiriwa. Lakini siku ya kufagia makaburi mwakani nitajitahidi nije. Nimesema nitajitahidi.

Nimetuma debe la mafuta ya kupikia pamoja na mtu anayerudi huko. Likifika niambie.

Mwanao,
Chui-seng


Chioh-boe, 30 Septemba 1957

Kwa mwanangu Chui-seng,

Natumaini barua hii itakukuta. Mimi niko. Debe la mafuta limefika, sijalifungua.

Nataka nikueleze jambo moja taratibu, na wewe unisikilize mpaka mwisho.

Siku barua yako ilipofika nilikwenda nayo bustanini. Nilikuwa na furaha, umesema mwakani utajitahidi. Mzee Khun alikuwa anachonga maneno ya lango la pili. Nikakaa karibu yake nikamsimulia habari ya jiwe lako lisilo na kitako, na jinsi nilivyokuchamba, na jinsi ulivyoomba msamaha kama mtoto mzuri. Nilidhani atacheka. Yeye hucheka hata mbwa akipiga chafya. Akaweka nyundo chini.

Akaniuliza, "Mumeo marehemu aliitwa nani?"

Nikamwambia hujui? Si mlichonga mawe pamoja. Akasema anajua, lakini anataka niseme mwenyewe. Sasa mimi sijawahi kulitamka tangu niolewe. Nikanyoosha kidole ukutani, kwenye neno lile lile. Jiwe.

Mzee Khun akasema, "Mtoto hafungi jina la baba yake. Mwalimu mzee wa shule ya Bwana Sim aliwafundisha wote. Jina la baba ukilazimika kuliandika, unaacha mstari wa mwisho. Ni heshima. Mimi mwenyewe, jina la baba yangu likiwa kwenye kazi, namwachia fundi mwingine amalizie."

Nikamwambia mbona sijawahi kusikia. Akasema ningesikia wapi na sikuwa naandika.

Nilikwenda nyumbani nikazitandaza barua tena. Barua kumi na tisa, jiwe halina kitako. Haukuwa uzembe. Kila barua ulikuwa unamwinamia baba yako pale kwenye bahasha kabla ya kunisalimia mimi, na mimi nikakucheka. Halafu barua tano, na sasa ya sita, jiwe ni zima.

Mtu anaweza kuumia mkono. Anaweza kusahau mwandiko, anaweza kusahau nyani na suruali, sijaona nyani wala kichekesho chochote tangu mwaka jana. Lakini hawezi kuniandikia kwamba alikuwa mzembe.

Kama ni wewe, andika jina la baba yako tu. Usiandike kingine. Weka kwenye bahasha ulitume. Nitaliangalia nami nitaomba radhi kwa magoti yangu haya mabovu, na tutacheka jambo hili ukija.

Wako,
Mama


Chioh-boe, 2 Februari 1958

Kwa wewe unayesoma,

Salamu.

Miezi minne nimekwenda kwa mleta barua kila wiki. Sasa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafika, ili nisimalize njia bure.

Sitakuuliza wewe ni nani. Nina swali dogo. Mkesha wa mwaka mpya ni baada ya siku kumi na tano. Kwetu, na nadhani na kwenu, mtu aliye safarini anawekewa bakuli lake mezani pamoja nasi, na vijiti vya kulia chakula upande wa kulia. Aliyekufa bakuli lake linawekwa kwenye meza ya juu, pamoja na uvumba. Huwezi kumwekea mtu huku na huku. Ukimwekea aliye hai kule juu unamwitia kifo. Ukimwekea aliyekufa huku chini anakaa na njaa, kwa sababu hawezi kula kwenye meza ya walio hai.

Miaka miwili hii, kama ni kweli ninalolihofia, mwanangu amekaa na njaa mbele yangu huku nikimwambia kula.

Niambie bakuli nilitie wapi. Neno moja linatosha, juu au chini. Nitaweza kulisoma.

Mama


Kampar, 26 Februari 1958

Kwa Mama yake Chui-seng,

Bakuli ni la juu.

Nimeandika hilo kwanza ili nisikimbie tena. Najua mkesha umeshapita. Barua yako imenifikia leo.

Jina langu ni Lai Yun-fatt. Sitoki huko kwenu, sisi ni Wahakka, watu wa milimani. Nililala chumba kimoja na Chui-seng miaka minne. Tarehe tatu Machi, mwaka 1956, mvua ilinyesha siku nzima na usiku, na asubuhi ukingo wa shimo uliporomoka. Walikuwa watatu chini. Tulichimba mpaka adhuhuri. Nilimpata mimi. Uso wake haukuumia, nakuambia hivyo kwa kuwa ni kweli, si kwa kukufariji. Tulimzika kesho yake kilimani nyuma ya kambi, tukachoma karatasi za kumsindikiza, tukaweka ubao.

Siku ya pili baada ya maziko ikafika barua yako, ile aliyokuandikia mwalimu. Ulikuwa unauliza kama mboga zako za chumvi zimefika bila kuoza. Yeye alikuwa na desturi ya kutusomea barua zako kwa sauti, chumba kizima, na sote tulikuwa tunakujua. Tulikuwa tunamwambia, mama yako ana mdomo, wewe umeupata wapi upole. Nikachukua karatasi nikusimulie. Mstari wa kwanza nikajibu kuhusu mboga, kwamba zimefika salama. Nilikusudia mstari wa pili nikuambie. Mstari wa pili haukutoka. Nikatunga habari ya mkono, nikaweka jina lake, nikatuma.

Baada ya hapo ukashukuru kwamba niko salama. Ningefanyaje? Najua ningefanyaje. Sikufanya.

Mimi nilisoma miaka mitatu tu. Sikujua jina la baba yake, hakulitaja hata siku moja. Anwani nilikuwa nainakili kutoka kwenye bahasha zako. Uliponiuliza habari ya jiwe nilidhani kweli alikuwa anakosea, na nikakuomba msamaha kwa niaba yake. Ni hilo linaloniuma kuliko yote. Nilimsingizia uzembe rafiki yangu.

Ubao tulioweka umeliwa na mchwa. Nimeweka wa pili, nao unaelekea kuliwa.

Mimi mama yangu alikufa nikiwa huku, na hakuna aliyeniandikia. Nilijua baada ya miaka mitatu kutoka kwa mpita njia. Sikupi hilo kama udhuru. Nasema tu kwamba ukikubali, nitaendelea kukuandikia kwa jina langu. Nitakuita mama mpaka mwisho, na nikipata karatasi za kusafiria nitakuja kulifagia kaburi la mumeo.

Aliyekukosea,
Yun-fatt


Chioh-boe, 5 Aprili 1958

Kwa Yun-fatt,

Natumaini hujambo. Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu.

Bakuli sikuliweka juu wala chini. Nililishika mkononi mkesha mzima mpaka wali ukawa baridi, ukakauka. Sasa najua.

Usiniite mama. Sisemi kwa hasira, ingawa hasira ninayo, ipo hapa kifuani na sijui nimpelekee nani. Ulifanya kwa huruma, naona hivyo. Lakini kwa huruma yako hiyo mwanangu alikaa kaburini miaka miwili nikiwa namtafutia mke. Sikumlilia. Sikuvaa kitambaa cha gunia nyweleni. Nilimcheka mwandiko. Mtoto niliyemzaa ni mmoja, na nafasi yake haina mtu wa kuijaza. Iache wazi.

Leo ni siku ya kufagia makaburi. Asubuhi nilifagia la mume wangu, halafu nikaenda kazini. Wanafunzi wa shule walikuja bustanini, mia nne na zaidi, wamepanga mistari mpaka ufukweni. Wote waliinama mara tatu mbele ya kaburi la Bwana Sim. Hakuna hata mmoja aliye mjukuu wake. Nilikuwa nimesimama pembeni na ufagio, na kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu maiti. Yeye alivuka bahari ile ile, akafia ng'ambo ile ile, wakamrudisha kwenye jeneza zito, na watoto wa watu wanamwinamia. Mwanangu analiwa ubao na mchwa.

Nikatamani kumlaumu Bwana Sim. Kama asingechonga kuta zake, mimi ningekuwa bado nasomewa barua zako na jirani, nikila mafuta uliyotuma na kusema mwanangu mzima. Alitaka kila mpita njia aondoke na neno. Mimi nimeondoka na hili. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, watoto walipokwisha kuondoka. Mzee Khun alisikia akageuza uso.

Kwetu mkubwa hamwinamii mdogo. Mama hapigi magoti kwenye kaburi la mwanawe, wala hamchomei karatasi, hata kama kaburi lingekuwa mlangoni kwake. Ni kazi ya mtoto, na Chui-seng hana mtoto. Binti wa Siu-him ameolewa mwezi uliopita. Kwa hiyo hakuna mtu duniani atakayeandika jina lake na kuacha mstari wa mwisho. Yeye alimwachia baba yake miaka yote, barua kumi na tisa, na yeye hatakuwa na wa kumwachia. Nimelifikiria jambo hili siku nyingi nikifagia na halina mlango wa kutokea.

Nina ombi moja, na baada ya hapo usiniandikie tena.

Mtafutie jiwe. Mbao basi. Jiwe la aina yoyote, hata la kando ya shimo. Ndani ya barua hii kuna karatasi ya pili, nimeandika jina lake kwa mkono wangu. Nimelifanyia mazoezi mchangani kwa siku tisa. Neno la mwisho la jina lake ni uzima. Lina mistari mitano, na ule wa tano ni wa chini kabisa, ndio ardhi yake. Huo sikuuandika. Najua si kazi ya mama na wazee wangenikemea, lakini mwenye kazi hiyo hakuzaliwa.

Mpe fundi achonge kama lilivyo. Akikuambia limekosewa, mwambie halijakosewa. Na wewe, Yun-fatt, nakusihi, usilikamilishe.

Mama yake Chui-seng